Namba Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu saa nne asubuhi Bi Kufuli alivaa miwani, akavuta kigoda mbele ya kompyuta ya sebuleni, akafungua ukurasa wa ruta, kile kisanduku cha waifai, kama mtu anayefungua ghala kuona kama panya ameingia. Na panya alikuwamo.

Akahesabu kwa kidole kwenye kioo. Simu yake mwenyewe, ipo. Televisheni, ipo. Simu ya mkwewe, mke wa mwanawe, ipo. Simu ya Fundi, mpangaji wa chumba cha mbele, ipo, na kompyuta ya Fundi, ipo. Hizo tano. Chini yake palikuwa na namba ya sita, ndefu kama wenzake, ikianza na D6, na mahali pa jina pameandikwa tu: haijulikani.

"Haijulikani," akasoma kwa sauti. "Na wewe umepitia wapi?"

Jina la Bi Kufuli hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wapangaji, wakalisema kisirisiri miaka mitatu, mpaka siku moja yeye mwenyewe akaitika. Alifunga kabati la sukari, alifunga bomba la uani, na rimoti ya televisheni aliiweka ndani ya mfuko wa plastiki wenye fundo lake mwenyewe, ambalo mtu mwingine akilifunga tena, yeye hulitambua. Mwanawe alipomletea waifai, alijua fika kwamba kitu kinachoingia nyumba hii bila kufuli mama hatakipenda. Basi akamwonyesha. Kila mashine, mama, ina kadi yake ndogo ya kunasia mtandao, na kila kadi ina namba yake, tarakimu na herufi kumi na mbili, mbilimbili. Imeandikwa kiwandani. Ukiona namba usiyoijua, bonyeza hapa: Zuia. Haitaingia tena.

Bi Kufuli akaipenda habari hiyo kama mtu aliyeletewa posa. Miaka ishirini na nane alikaa kwenye kidirisha cha zahanati akitoa kadi za wagonjwa, na huko alijifunza kwamba watu hudanganya majina. Anakuja huyu anajiita hivi, kesho anajiita vile, ili asifokewe kwa kupoteza kadi. Lakini namba haikumpoteza mtu hata siku moja. "Jina mtu hujipa," alikuwa akisema, "namba hupewa."

Kwa hiyo alinunua daftari la mirabaraba, akaandika namba za mashine zote za nyumba, kila moja karatasi yake, na mbele ya kila namba safu tatu: ya nani, imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi. Mwanawe hakumfundisha safu za saa. Hizo alizitunga mwenyewe.

Sasa akakagua daftari na kioo, kioo na daftari, akaona jambo la pili, nalo likamkaa vibaya zaidi. Laptopu ya mkwewe haikuwamo. Mkwe mwenyewe alikuwa chumbani anafanya kazi. Rekodi ilisikika kupitia mlangoni, sauti ya mwanamume mwenye mafua ikirudia sentensi moja mara tatu. Yule yumo kazini, mashine yake haimo mtandaoni. Huyu yumo mtandaoni, mwenyewe hajulikani.

"Haya," akasema Bi Kufuli, akabonyeza Zuia. D6 ikatoweka. Akaiandika daftarini kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Hata chai hakuimaliza, mlango wa chumba ukafunguka.

"Mama, waifai imekatika?"

"Mbona mimi ninayo?"

"Kwangu inaniambia hakuna mtandao."

"Labda mashine yako imechoka, Mama Kengele. Ipumzishe."

Mkwe akarudi chumbani. Bi Kufuli hakumwambia habari za mgeni. Si kwa ubaya. Nenosiri la waifai lilijulikana na watu watatu tu, yeye, mkwewe na Fundi. Mgeni akiingia, basi mmoja kati ya watatu kamfungulia. Na mtego hautangazwi kwa anayeweza kuwa ndiye panya.

Ingawa kwa kweli, kama kuna mtu aliyetaka waifai ya nyumba ile iende vizuri, ni Bi Kufuli. Mkwe alikuwa amepata kazi na ofisi inayorekodi masomo ya sauti. Wanamletea rekodi, yeye anazisafisha: anakata vikohozi, anakata viti vinavyolia, anakata "eee" za walimu, kisha anazirudisha kwao kwa mtandao kabla ya saa kumi jioni. Wamempa majaribio ya wiki mbili. Akichelewa mara tatu, kazi imekwisha. Na mume wake, huko mbali anakofanya kazi ya nguzo za umeme, ameshasema neno lake: kazi ikishindikana, njooni huku, hakuna sababu ya nyumba mbili, mtoto ataanza shule huku.

Mtoto ataanza shule huku. Sentensi hiyo ilimkaa Bi Kufuli kooni kama mwiba wa samaki. Kengele alikuwa na miaka minne, na jina hilo lilimstahili. Akiamka yeye, mtaa umeamka. Alilala kitanda kimoja na bibi yake, akimpiga mateke ya mbavu mpaka alfajiri, na bibi hakuwahi kulalamika kwa mtu.

Jumatatu hiyo kazi ya mkwe haikufika. Alijaribu kwa simu, kifurushi kikaisha katikati ya safari. Saa kumi ikapita. Akaja jikoni, akasema, "Moja," akachukua sufuria akaanza kuisugua ilhali ilikuwa safi.

Jumanne saa nne kamili Bi Kufuli alikuwa kigodani. D6 haikuwapo. Alikuwapo mwingine: 3A.

"Ahaa," akasema polepole. "Umebadilisha kanzu."

Hapo ndipo alipoanza kuogopa kidogo, maana mwizi wa kawaida ukimfungia mlango hupita kwa jirani. Huyu amelala, ameamka, amerudi na kadi nyingine. Ana kadi ngapi? Ni nani katika mtaa huu anayeweza kuwa na rundo la kadi za mtandao, atoe hii avae ile?

Jibu lilikuwa linapiga mluzi chumba cha mbele.

Fundi simu alipanga chumba kilichotazama barabara mwaka wa pili sasa. Alikuwa na meza iliyojaa matumbo ya simu, taa ya kuinama, na mdomo usiolala. Bi Kufuli alimpenda kwa jambo moja, alilipa tarehe moja. Kwa mengine yote alimwekea alama ya kuuliza. Mtu anayefungua simu za watu na kuona mambo yao, kisha anakusalimia kwa bashasha kila asubuhi, huyo ana lake.

Akabonyeza Zuia. 3A ikaenda. Laptopu ya mkwe, kama jana, haikuwamo. Muda si muda mlango wa chumba ukafunguka kwa kishindo, lakini safari hii mkwe hakumuuliza mtu. Alitoka na laptopu kwapani, akapita sebuleni kama upepo, akaenda mbele.

Bi Kufuli akasubiri mpaka amalize kuhesabu ishirini. Halafu akachukua ufagio, kwa kuwa mtu mwenye ufagio haulizwi anaelekea wapi.

Walikuwa wameinama pamoja juu ya mashine, vichwa karibu.

"Kadi yako nzima kabisa, shemeji," Fundi alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Nimeitoa programu yake nimeirudisha upya. Inanasa, inaona ruta, ila ruta ndiyo haiitaki. Na kile tulichofanya Jumapili, umemwambia mtu?"

"Thubutu! Nimwambie nani?"

Ufagio ukagonga mlango. Wote wawili wakanyamaza, mara moja, kama redio iliyochomolewa.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba," Fundi akasema, meno yote nje.

"Marahaba. Endeleeni. Mmenyamazia nini?"

"Tunatazama laptopu tu, mama."

"Naiona. Jumapili mlifanya nini?"

Mkwe akafunga laptopu. "Mama, kuna vumbi huko nyuma pia," akasema, akaondoka.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Mimi nina macho."

"Mawili, mama, na miwani juu yake. Nani atakuweza!"

Bi Kufuli hakucheka. Alifagia mbele ya mlango ule mpaka saruji ikataka kulia.

Mchana ule mawazo yalimwendesha. Alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama chenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Kama mkwe amempa Fundi ruhusa ya kuingiza watu, kwa faida gani? Na kama mashine yake haimo mtandaoni asubuhi yote, anasema anafanya kazi kwa kitu gani? Wazo lenyewe lilikuja taratibu, kama maji yanavyopanda chini ya mlango: labda hataki kazi ifanikiwe. Labda amechoka na nyumba hii, na mama mkwe huyu, na kabati la sukari. Akichelewa mara tatu, hakuna atakayemlaumu. Atapakia sanduku na mtoto, aseme, mama, nimejaribu.

Saa kumi ikapita tena. Jioni mkwe akala kidogo, akasema, "Mbili."

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama." Kisha, akitazama sahani yake: "Ajabu ni kwamba inakatika kwangu tu. Tena baada ya saa nne. Tena siku zote mbili."

"Ajabu kweli."

"Saa nne wewe huwa kwenye kompyuta."

"Huwa. Nyumba ni yangu, na kompyuta ni ya mwanangu."

"Sikusema si yako, mama."

"Unasema nini basi?"

"Sisemi kitu." Akainuka. "Kengele, twende ukaoge."

"Sitaki kuoga! Bibi, mwambie sitaki!" mtoto akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza bibi hakumtetea, kwa sababu alikuwa anamtazama mkwe mgongoni. Kwa hiyo na yeye ananishuku, aliwaza. Ananishuku mimi! Mshukiwa akikushuku, ujue ni mwerevu.

Jumatano asubuhi alikuja wa tatu: 92.

Kidole cha Bi Kufuli kilikuwa juu ya Zuia, akakiondoa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kumfukuza kumeshindikana, sasa amshike. Akaiacha 92 imekaa kwa starehe zake, akaenda kupika, akarudi, ipo. Akamlisha mtoto, akarudi, ipo. Siku hiyo mkwe hakutoka kulalamika. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya mwalimu wa jiometri asiyekohoa hata kidogo. Bi Kufuli akaona na hilo pia ni ushahidi: nisipomgusa mgeni, mkwe ametulia. Ni wake, huyu mgeni. Anamfahamu.

Saa tisa kasoro alichukua daftari, akaenda mbele. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi.

"Fundi, zima vitu vyako vyote."

"Vipi, mama?"

"Zima. Simu yako, kompyuta yako, na hizi za watu zote mezani. Hata hiyo isiyo na kioo."

"Mama, hiyo imekufa tangu mwezi jana!"

"Wafu wameshaniibia zamani. Zima."

"Wateja hawa wanasubiri."

"Nao wazime. Kuna mtu anaingia kwenye mtandao wangu kwa kadi za wizi, na leo leo nitamjua. Akiwa wewe, chumba hiki utakihama jioni."

Fundi akaacha kutabasamu. Alizima simu yake, akazima kompyuta, akachomoa betri za simu mezani moja moja, mikono juu baada ya kila moja kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Wateja wakazima za kwao, mmoja akinong'ona, "Huyu mama ni wa serikali?" Bi Kufuli akarudi sebuleni mbio. Simu ya Fundi imetoka. Kompyuta ya Fundi imetoka. 92 ipo.

Akachomoa televisheni. Akazima simu yake mwenyewe, maana haki ni haki. Akaitwaa simu ya mkwewe juu ya friji, akaizima nayo. Kwenye kioo ikabaki namba moja tu, peke yake kama mtu aliyesahauliwa kituoni. 92.

Nyumba nzima ilikuwa imebaki na mashine moja inayowaka, ukiondoa hii ya waya anayoitumia yeye, isiyohesabiwa kwenye orodha ya waifai. Bi Kufuli alilijua hilo kichwani, lakini miguu ilichelewa kulikubali. Akaenda mpaka mlango wa mkwe, akaufungua bila kubisha.

"Mama Kengele, zima hiyo laptopu."

Mkwe aligeuka. Kwenye kioo chake kulikuwa na mstari wa kijani uliofika robo tatu. "Siwezi, mama. Inapakia. Bado robo tu, na sasa hivi ni saa tisa na kitu."

"Dakika moja tu."

"Nikizima inaanza upya! Faili ni kubwa hili."

"Nimesema zima. Nataka kuona kitu."

"Ndiyo, ya tatu hii!" Mkwe akasimama. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na sasa alipoipandisha ilipasuka. "Jumatatu ulinikatia. Jana ulinikatia. Leo umeona haitoshi kukata kule sebuleni, umekuja mwenyewe. Kama hutaki nifanye kazi, mama, si useme! Si useme tu niondoke!"

"Mimi? Nikukatie mimi? Anayetaka kuondoka ni nani?"

"Haya! Tazama! Umefurahi?" Na kwa hasira ile akaufunga mfuniko wa laptopu, pa.

Bi Kufuli akageuka, akatembea hatua kumi na moja mpaka kigodani. Akabonyeza kuonyesha upya.

Hapakuwa na namba hata moja.

Alikaa. Alitazama ule ukurasa mtupu, na kile alichokuwa akikijua kichwani akakiona kwa macho. Mgeni wa Jumatatu. Mgeni wa Jumanne. Kalamu nyekundu, mistari miwili. Alikuwa amesimama mlangoni kwake siku tatu akimfukuza mtu wake mwenyewe, kisha anampa pole jioni.

"Mama Kengele," aliita, na sauti yake haikuwa ya kufuli. "Njoo. Ifungue. Ianze kupakia upya haraka, halafu uje."

Mkwe akaja baada ya dakika tatu, macho mekundu. Bi Kufuli akaweka kidole chini ya 92 iliyokuwa imerudi.

"Hii ni nini?"

Mkwe akasoma. Akakaa pembeni ya kochi.

"Ni mimi."

"Wewe si huyu. Wewe nimekuandika hapa, ukurasa wa nne."

"Kadi inaweza kujibadilishia namba, mama. Kuna mahali kwenye mipangilio yake. Fundi alinionyesha Jumapili. Unachagua ibadilike kila siku."

"Namba haijibadilishi. Namba inatoka kiwandani!"

"Ya kiwandani ipo palepale. Ila mlangoni inajitambulisha kwa nyingine."

Hii ilimpiga Bi Kufuli kuliko yote, lakini hapakuwa na wakati wa kuiomboleza. "Kwa nini? Kujificha na nini?"

"Na hilo daftari."

Bi Kufuli akalitazama daftari lililokuwa mapajani mwake.

"Jumamosi," mkwe akasema, "tukinywa chai, uliniambia: jana ulizima saa tano na robo usiku, ulikuwa unaongea na nani? Nilikuwa naongea na mume wangu, mama. Mwanao. Nikajiona kama mgonjwa wa zahanati. Nikasema, hata usingizi wangu unaandikwa. Sikutaka kugombana nawe. Nikamuuliza Fundi kama kuna njia."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Na wewe ungeniambia kwamba unazuia namba. Mimi Jumapili nilijua unaandika tu. Sikujua unafungia na watu."

"Nilidhani kuna mwizi."

"Mimi nilidhani hunitaki."

Bi Kufuli alivua miwani akaifuta kwa kanga, na alipoifuta vya kutosha akaendelea kuifuta. "Kila siku nilipobonyeza hapa," alisema, "nilikuwa nasema moyoni, namlindia mkwe wangu mtandao, asije akaondoka na mtoto."

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika ishirini na tano. Wakaenda chumbani wakakaa mbele ya mstari wa kijani, mmoja kitandani mmoja kwenye kiti, wasiguse kitu. Mtu hawezi kuusukuma mstari ule. Bi Kufuli alijaribu kwa macho. Kutoka mbele Fundi akapaza sauti, "Mama! Naweza kuwasha?" naye akajibu, "Usithubutu! Mtandao una kazi!" Saa kumi ikafika, mstari ukiwa umebakiza kidole. Ikapita. Saa kumi na dakika kumi na moja laptopu ikalia kidogo kama kifaranga: imefika.

"Tatu," akasema mkwe. Hakulia. Aliinama akavuta sanduku chini ya kitanda, si kulipakia, kulitazama tu.

Bi Kufuli akasimama. "Nipe simu. Nipigie huyo msimamizi wako."

"Mama, hawapendi..."

"Nipigie."

Mkwe akaiwasha simu yake, akapiga. Ikaita mara nyingi. Ikapokewa na mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyeongea tangu asubuhi.

"Mimi ni mama mkwe wa huyu anayewasafishia masomo," Bi Kufuli akasema, amesimama wima kama yuko kidirishani. "Kazi yake ya leo imechelewa dakika kumi na moja. Hizo dakika ni zangu. Na za juzi zangu, na za jana zangu. Juzi na jana nilimzuia kwenye mtandao saa nne, leo nikamzimisha mashine, nikidhani ni mwizi. Yeye hana kosa."

Msimamizi akauliza: "Ulidhani mkweo ni mwizi?"

"Nilidhani mwizi ni mwizi. Sikujua ni mkwe."

"Mama," yule msimamizi akasema, na sauti ikawa imeamka kidogo, "nina watu arobaini. Kila anayechelewa huniambia ni mtandao. Miaka yote hii mtandao wenyewe haujawahi kunipigia simu kuomba radhi."

"Basi leo umekupigia."

Mwanamke akacheka, kicheko kifupi cha kushtukiza. Lakini hakuwa mwepesi. "Juzi na jana nimeshaziandika, sizifuti. Ya leo sitaiandika. Zimebaki siku sita za majaribio. Akichelewa hata dakika moja, msinipigie, si wewe wala yeye."

"Hatachelewa."

"Na wewe saa nne tafuta kazi nyingine ya kufanya."

Simu ikakatika. Bi Kufuli akampa mkwe simu yake, akajifanya anaangalia dirishani. Kukiri kosa kwa mtu unayemjua ni kazi. Kwa usiyemjua, ni kama kuoga barabarani.

"Nionyeshe hiyo mipangilio," akasema baadaye.

Mkwe akaweka laptopu katikati yao. Akafungua hapa, akafungua pale, kwenye waifai, kwenye kadi yenyewe, mpaka ukatokea mstari mmoja na machaguo matatu: zima, washa, badilisha kila siku. Kitu kidogo namna hii. Bi Kufuli alisogeza uso karibu kana kwamba angeona aliyekiweka.

"Nikizima," mkwe akasema, "narudi kwenye ile ya ukurasa wa nne. Lakini, mama, zile saa..."

Bi Kufuli hakumsubiri amalize. Akachukua mkasi kwenye kikapu cha nyuzi, akafungua ukurasa wa nne, akakata safu mbili za kulia kutoka juu mpaka chini, taratibu, asile herufi za namba. Akakata na ukurasa wa tatu, wa simu. Vipande viwili virefu vikaanguka sakafuni.

"Na ya Fundi?" mkwe akauliza.

"Ya Fundi naiacha."

"Mama!"

"Mtu aliyejua siri hii tangu Jumapili akaniamkia kila siku meno nje? Naiacha mpaka mwisho wa mwezi."

Mkwe akabonyeza zima. Pale sebuleni, Bi Kufuli alipokwenda kuhakikisha, kwa kuwa hakuacha kuwa yeye, 92 ilikuwa imeondoka na namba ya zamani imekaa mahali pake. Akaiangalia kwa jicho la pembeni. Sasa alijua inaweza kuondoka tena wakati wowote, na asiwe na la kufanya isipokuwa kuuliza.

Akaenda mbele kumwambia Fundi awashe. Fundi alikuwa amekaa bila kazi, na benchi tupu.

"Kwa hiyo si mimi, mama?"

"Leo si wewe."

Aliporudi, mlango wa mkwe ulikuwa umeegeshwa, na ndani mkwe alikuwa anaongea na mumewe kwenye simu kwa sauti ya chini. Bi Kufuli alitaka kupita, Mungu anajua alitaka. Miguu ikapunguza mwendo yenyewe, sikio likaufuata mlango.

"...hapana, hatuji," mkwe alikuwa akisema. "Bado nina kazi. Siku sita... Nimekwambia hatuji, mtoto ataanza shule hapahapa... Mama? Mama mzima. Hapana, hajaenda popote... Yuko hapa nje ya mlango, anasikiliza. Nikupe uongee naye?"

Bi Kufuli akasafisha koo, akausukuma mlango, akanyoosha mkono kuipokea simu.